Jinsi ya kufungua jalada la safari iliyopotea: Erebus, Terror na watu 129

Nimefanya kazi ya masijala hapa Tanga miaka mingi, na kazi hiyo imenizoesha kutoisoma karatasi kabla sijajua imepita mikononi mwa nani. Nani kaileta, lini, ilikuwa imewekwa ndani ya nini, na kabla ya kufika mezani kwangu ililala wapi. Ukiyaruka hayo, hata usome kwa makini namna gani, utaipa karatasi maana isiyo yake. Na sijaona mkasa unaodai uangalifu huo kama ule wa meli mbili za jeshi la majini la Uingereza, HMS Erebus na HMS Terror.

Meli hizo ziliondoka Greenhithe, kwenye mto Thames, tarehe 19 Mei 1845. Mkuu wa msafara alikuwa Sir John Franklin, na kazi waliyopewa ni kutafuta njia ya bahari inayopita kaskazini mwa Amerika mpaka Pasifiki. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo wavuvi wa nyangumi waliziona kwenye Ghuba ya Baffin. Hakuna Mzungu mwingine aliyeziona tena zikielea. Watu 129 walikwisha wote.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuufuatilia mkasa huo kwa utaratibu akiwa nyumbani, bila kufika Aktiki na bila kuwa mwanaakiolojia. Tunafungua jalada, kama lifunguliwavyo kwa shauri lolote lenye mabishano, kisha kila ushahidi tunauingiza mahali pake.

Vya kuandaa

Tafuta kaunta buku moja nene, karatasi mbili tatu za manila, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu, rula, na simu yenye intaneti. Manila moja iache nzima kwa ajili ya ramani. Nyingine zikate ziwe kadi za ukubwa wa kiganja.

Mkusanyiko mkubwa wa masalia ya msafara huu uko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Bahari, Greenwich. Picha zake zimewekwa kwenye tovuti yao, kila kitu na namba yake, na kuzitazama ni bure. Parks Canada, idara ya hifadhi za taifa ya Kanada, nayo hutoa picha na video za wapiga mbizi wake. Hizo mbili zinakutosha kwa kuanzia.

Kila kitu au kila ushahidi uwe na kadi yake, na kila kadi ijibu maswali sita: Kilikuwa wapi? Nani alikiona kwanza? Nani alikiondoa pale? Kikapita kwa nani? Leo kiko wapi? Na haya yote tunayajua kwa kauli ya nani? Wino wa bluu ni wa kilichoonekana kwa macho. Wino mwekundu ni wa kilichodhaniwa. Hilo ndilo sharti kubwa, kwa sababu kwenye habari za Franklin dhana imekaa karibu sana na tukio, na waandishi wengi wamezichanganya kwa kizazi na zaidi.

Ramani chora mwenyewe, usichapishe. Juu kabisa weka kisiwa cha Beechey, walikokaa majira ya baridi ya kwanza. Teremka kusini mpaka kisiwa cha King William, na kwenye pwani yake ya magharibi tia alama Victory Point, chini yake Ghuba ya Erebus, kisha Ghuba ya Terror. Vuka mlango wa bahari ufike rasi ya Adelaide, halafu mdomo wa mto wa Back. Kusini-mashariki mwa kisiwa andika Gjoa Haven, mji wa Wainuit, wenyeji wa asili wa nchi hizo za barafu. Ukichora kwa mkono wako utaona mara moja jinsi walivyokuwa na safari ndefu ya miguu mbele yao.

Kurasa za mwanzo ni za wenyeji

Wengi wanaanza na karatasi ya Wazungu kwa sababu ina tarehe na saini. Mimi naanza na Wainuit, na nakuomba nawe ufanye hivyo. Aisifuye mvua imemnyea, na hao ndio waliowaona watu wale wakitembea, wakawaona wakifa, na wakaiona meli kabla haijazama.

Ushahidi wao ulifika Uingereza mwaka 1854. John Rae, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Kampuni ya Hudson's Bay, alikuwa akipima ardhi huko Pelly Bay alipokutana na Muinuit aliyevaa kichwani utepe wa dhahabu wa kofia ya ofisa. Alipouliza aliambiwa kwamba kundi la Wazungu, kama 35 au 40, walikufa njaa mbali huko magharibi, karibu na mto mkubwa, miaka kadhaa iliyopita. Aliambiwa pia kwamba baadhi ya maiti zilikuwa zimekatwakatwa na kwamba ndani ya vyungu mlikuwa na nyama ya watu. Rae alinunua vijiko na uma za fedha zenye nembo za maofisa, na nishani ya Franklin mwenyewe.

London ilipokea habari hizo kwa hasira. Mwandishi wa riwaya Charles Dickens aliandika kwenye jarida lake kwamba neno la Wainuit si la kuaminika, na akadokeza kwamba huenda wao ndio waliowaua mabaharia. Weka kauli hiyo kwenye kadi, kwa wino mwekundu mtupu, kwa kuwa Dickens hakuona chochote wala hakumhoji yeyote aliyeona. Tutairudia kadi hiyo tukifika kwenye mifupa.

Ugumu wa kurasa hizi ni majina. Kila msafiri aliyaandika kwa jinsi sikio lake lilivyosikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kukutokea kwa tahajia tatu nne. In-nook-poo-zhe-jook, kwa mfano, alizungumza na Rae mwaka 1854, na miaka 15 baadaye akazungumza na Mmarekani Charles Francis Hall. Ukimhesabu kama mashahidi wawili umeharibu jalada. Kwenye kila kadi ya shahidi acha mstari wa "angalia pia" na uandike tahajia zote unazokutana nazo. Waingize na wakalimani: Hall alitegemea mume na mke, Ebierbing na Tookoolito, na Rae alimtegemea William Ouligbuck. Kila neno tulilonalo limepita vinywani mwao, na vitabu vingi vimewaacha pembeni.

Kadi moja ya kutengeneza kwa uangalifu mkubwa ni ya mzee Puhtoorak. Yeye alimweleza Frederick Schwatka, aliyepita huko kati ya 1878 na 1880, habari za meli iliyokuwa kwenye barafu magharibi mwa rasi ya Adelaide. Wainuit walitoboa ubavu wake wakaingia, wakakuta maiti ya mtu mmoja ndani. Barafu ilipoyeyuka meli ikazama, milingoti ikabaki juu ya maji. Iandike kama ilivyosemwa, wino wa bluu, na uiache hapo.

Karatasi ya Victory Point

Mwezi Mei 1859 Luteni William Hobson, wa msafara wa Francis Leopold McClintock uliokwenda kuwatafuta akina Franklin, alikuta kopo la bati ndani ya rundo la mawe karibu na Victory Point. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja. Mpaka leo ndiyo taarifa rasmi pekee ya msafara inayoeleza kilichowapata baada ya majira ya baridi ya kwanza, na inafaa uitengee jioni nzima.

Itafute picha yake uikuze kwenye simu. Ni fomu iliyochapwa ya jeshi la majini, yenye ombi kwa lugha sita kwamba atakayeiokota aipeleke London. Kutu ya kopo imeila na kuacha madoa ya kahawia. Katikati kuna maandishi ya tarehe 28 Mei 1847: meli ziko kwenye barafu, Sir John Franklin ndiye mkuu, wote ni wazima. Chini wametia saini Luteni Graham Gore na Charles Des Voeux.

Sasa izungushe simu, maana maandishi ya pili yamepita pembezoni mwa karatasi ileile, yakiufuata ukingo. Ni ya tarehe 25 Aprili 1848, kwa mkono wa James Fitzjames, kapteni wa Erebus. Meli zimeachwa tarehe 22 Aprili, baada ya kukwama tangu 12 Septemba 1846. Franklin alifariki tarehe 11 Juni 1847. Waliokufa mpaka siku hiyo ni maofisa 9 na watu wengine 15. Waliobaki, 105, wako chini ya Kapteni Francis Crozier. Crozier naye ametia saini na kuongeza maneno machache: kesho, tarehe 26, wanaanza kuelekea mto wa Back.

Hesabu wenyewe walikuwa wakiiweka vizuri: 105 na 24 ni 129. Ila usikimbilie maana. Jaza kwanza swali la mikono, kwa sababu karatasi yenyewe inalijibu. Gore aliiweka mwezi Juni 1847 kwenye rundo la mawe maili 4 kaskazini. Luteni John Irving aliikuta huko mwaka uliofuata, ikahamishiwa mahali ambapo mvumbuzi James Ross alikuwa amejenga nguzo yake ya mawe zamani. Fitzjames na Crozier wakaandika, ikarudishwa kwenye kopo, ikakaa miaka 11 mpaka Hobson alipoifikia. Kwa hiyo hata taarifa hii moja tuliyo nayo haikukutwa pale ilipowekwa mara ya kwanza. Mtu asiyejaza kadi hulipita neno hilo bila kuliona.

Tazama pia walivyomtaja Gore mara ya pili: "marehemu Kamanda Gore". Ni yuleyule aliyetia saini chini ya maneno ya kwamba wote ni wazima. Alipandishwa cheo na akafa, yote kati ya Juni na Aprili, na tunalijua hilo kwa maneno matatu tu.

Mtoto wa kaka yangu, Zuhura, yuko kidato cha tatu na hunisaidia kupanga kadi siku za Jumapili. Aliziweka kadi za makaburi ya Beechey kando ya kadi hii, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, hapa wanasema walikaa Beechey majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847. Mbona vibao vya makaburi vina tarehe za Januari na Aprili 1846?" Zuhura yuko sahihi. Karatasi imekosea mwaka, ilipaswa kusema 1845 kuingia 1846, na vibao vya mbao vilivyochongwa na mabaharia ndivyo vinavyoisahihisha. Hobson aliokota nakala nyingine kusini zaidi, isiyo na nyongeza ya 1848, na ina kosa lilelile la mwaka. Kwa wino mwekundu unaweza kuandika: pengine fomu hizo ziliandikwa kwa mkupuo mmoja melini, kabla Gore hajaondoka.

Zoezi hilo lifanye wewe pia: kadi zenye tarehe ziweke mezani mbilimbili na uzipambanishe. Hati ikiwa na saini ya kapteni isikutie woga.

Mashua

Waliposhuka Victory Point walitupa vitu vingi. Hobson na McClintock walikuta majiko, sanduku la dawa, na rundo la nguo lenye kimo cha futi 4. Mbele zaidi, kwenye Ghuba ya Erebus, walikuta mashua ya futi 28 juu ya sleji, yaani kile chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya barafu. McClintock alikadiria kwamba mashua na sleji yake vilikuwa na uzito wa ratili 1,400 pamoja, bila mzigo. Ndani mlikuwa na mifupa ya watu wawili, bunduki mbili zimeegemezwa ubavuni zikiwa na risasi, saa za mfukoni 5, vitana, miswaki, sabuni, leso za hariri, sapatu, vitabu vidogo vya dini, vijiko na uma 26 za fedha, chai kidogo, na karibu ratili 40 za chokoleti. Nyama na biskuti hazikuwepo.

Hapa kalamu mbili zina kazi kubwa. Bluu: sleji ilielekea kaskazini-mashariki, upande ambao meli ziliachwa. Nyekundu: walikuwa wanarudi melini. Hilo la pili ni wazo la McClintock, na ni wazo zuri, lakini ni lake. Bluu: hapakuwa na nyama. Nyekundu: hawakuwa na nyama tangu mwanzo. Huwezi kujua kilicholiwa wala kilichochukuliwa na waliopita hapo kabla ya 1859. Bluu: fedha ina nembo za maofisa mbalimbali. Nyekundu: mabaharia walikuwa wapumbavu kubeba vijiko huku wanakufa.

Hiyo ya mwisho imeandikwa mara nyingi mno, na inaniuma kila ninapoisoma. Watu wale walikuwa na nia ya kufika mtoni na kukutana na wenyeji. Fedha ni kitu chepesi cha kubadilishana na chakula, na uma za aina hiyohiyo ndizo Rae alizozinunua kwa Wainuit mwaka 1854. Nami naliandika hilo kwa wino mwekundu, kwa sababu na mimi nadhani tu. Lakini mtu asihukumu akili za watu wenye njaa kwa orodha ya vitu vilivyobaki baada ya wao kufa.

Kadi ya tahadhari: mwezi huohuo wa Mei 1859 McClintock aliiona mifupa ya mtu aliyeanguka kifudifudi kwenye changarawe, kusini mwa kisiwa, akiwa na kitana, brashi ya nguo na pochi ya karatasi. Karatasi zilikuwa za Harry Peglar, baharia wa Terror, na baadhi zimeandikwa maneno kinyumenyume, herufi ya mwisho ikitangulia. Lakini nguo za marehemu zilikuwa za mtumishi wa meli, na Peglar hakuwa mtumishi. Karatasi iliyo mfukoni mwa mtu si lazima iwe yake. Fungua kadi mbili, moja ya mtu na moja ya karatasi.

Mifupa

Sehemu hii iandike taratibu na kwa heshima. Mwaka 1992 palipatikana eneo kwenye Ghuba ya Erebus lenye karibu vipande 400 vya mifupa, na Anne Keenleyside na wenzake wakaichunguza. Ilikuwa ya watu wasiopungua 11, na mifupa 92 ilikuwa na alama za kukatwa kwa kisu cha chuma. Sasa chukua kadi ya Wainuit wa Pelly Bay uiweke kando ya hii. Walichosema mwaka 1854 ndicho mifupa inachosema. Chukua na kadi ya Dickens, uandike tarehe ya leo chini yake, na mstari mmoja: imekanushwa na mifupa.

Kwenye kadi andika "alama za kisu, mifupa 92". Usiandike kwamba walikulana kana kwamba msafara mzima ulikuwa hivyo. Alama ziko kwenye mifupa fulani ya eneo fulani, na upana wa habari usizidi upana wa ushahidi.

Baadaye ikaja DNA, yaani vinasaba. Douglas Stenton, Robert Park na wenzao walianza kuilinganisha mifupa na wazao wa mabaharia. Mwaka 2021 walimtambua John Gregory, fundi mitambo wa Erebus, kwa sampuli ya kitukuu cha kizazi cha mbali anayeishi Afrika Kusini. Mwaka 2024 wakautambua mfupa wa taya wa eneo lilelile alilolichunguza Keenleyside. Ulikuwa wa James Fitzjames, na una alama za kisu.

Hapa inabidi urudi nyuma kwenye jalada lako. Kwenye kadi ya karatasi ya Victory Point, mahali pa mwandishi, ongeza "angalia pia: taya". Mkono ulioandika pembezoni kwamba Franklin amefariki na kwamba 105 wamebaki ni wa mtu huyo. Alikuwa kapteni, wa pili kwa cheo kati ya wote waliotoka melini, na cheo hakikumsaidia. Kadi hizo mbili mimi nimezibana pamoja.

Beechey na suala la madini ya risasi

Makaburi matatu ya Beechey ni ya John Torrington, aliyekufa tarehe 1 Januari 1846 akiwa na miaka 20, John Hartnell, na William Braine, askari wa majini. Owen Beattie wa Chuo Kikuu cha Alberta aliyafukua mwaka 1984 na 1986, na kwa sababu ardhi ile imeganda muda wote, miili ilikuwa karibu kama ilivyozikwa. Picha za nyuso zao zimejaa kila mahali. Mimi sizichapishi wala sizibandiki kwenye jalada. Torrington alifungwa kidevu kwa leso yenye madoa na wenzake waliompenda, wakamchimbia kaburi kwenye ardhi ngumu kama jiwe katikati ya giza la Januari. Hilo ndilo la kuandika kwenye kadi yake.

Vipimo vya Beattie vilionyesha madini ya risasi kwa wingi mwilini mwao, na makopo ya nyama yaliyolehemiwa kwa risasi yakatupiwa lawama. Dhana hiyo iliteka dunia. Mwaka 2018 uchunguzi mwingine ulilinganisha mifupa ya waliokufa mapema Beechey na ya walioishi mpaka King William, na haukukuta ongezeko ambalo lingetarajiwa kama risasi ndiyo iliyowamaliza. Usiifute kadi ya zamani. Ikate kwa mstari mmoja mwekundu unaosomeka chini yake, uandike mwaka, na uongeze kadi mpya: barafu isiyoyeyuka miaka miwili, njaa, baridi, maradhi, na umbali.

Meli zenyewe

Tarehe 1 Septemba 2014, kwenye kisiwa kidogo kusini mwa King William, timu ya nchi kavu iliokota kipande cha chuma cha meli. Kesho yake chombo cha kupima kwa mwangwi wa sauti kikaionyesha Erebus imekaa chini, kwenye kina cha mita 11 tu. Rudi sasa kwenye kadi ya Puhtoorak. Meli iko upande uleule aliousema, magharibi mwa rasi ya Adelaide. Miaka miwili baadaye, tarehe 3 Septemba 2016, Terror ilipatikana kwenye Ghuba ya Terror, mita 24 chini, baada ya Sammy Kogvik, Muinuit wa Gjoa Haven, kuwaeleza watafutaji kwamba aliwahi kuona mti kama mlingoti ukitokeza kwenye barafu pale. Na Louie Kamookak, mzee wa historia wa Gjoa Haven aliyefariki 2018, alikuwa ametumia maisha yake kukusanya masimulizi hayo kwa wazee wenzake.

Unapojaza kadi za meli, tenganisha mahali zilipoachwa na mahali zilipozama. Meli zote mbili ziko kusini sana kuliko mahali palipotajwa kwenye karatasi ya 1848. Ama barafu ilizibeba, ama baadhi ya watu walirudi wakazipanda tena. Wataalamu wanabishana, na ubishi wote uingie kwa wino mwekundu.

Mwaka 2019 kamera iliingizwa ndani ya Terror. Sahani zilikuwa bado zimepangwa kwenye rafu, na chumba cha kulala cha Crozier ndicho pekee ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa na haukuwezekana kuingilika. Kwa kadi za vitu vilivyomo humo, swali la "nani alikiondoa" unaliacha wazi, jambo ambalo halijatokea kwa kadi yoyote ya nchi kavu. Kwa Erebus usifanye hivyo. Wainuit walisema waliingia melini na kuchukua vitu, kwa hiyo kila kadi ya Erebus ina uwezekano wa mkono mwingine kabla ya wapiga mbizi. Mwaka 2022 wapiga mbizi walitoa humo kitabu chenye jalada la ngozi, kutoka kwenye stoo ya mtumishi wa kapteni. Hicho kipe kadi yake peke yake na uifuate kila mwaka, kwa sababu karatasi iliyozama kwenye tope baridi inaweza kuwa bado inasomeka.

Andika pia wenyewe ni nani. Mwaka 2018 Uingereza ilikabidhi mabaki ya meli kwa Kanada na Wainuit, na vitu vinavyotolewa sasa ni mali yao ya pamoja. Hakuna anayeruhusiwa kufika juu ya meli hizo bila kibali, na walinzi Wainuit kutoka Gjoa Haven hukaa karibu nazo majira ya joto. Ukiona mtu mtandaoni anauza kipande cha Erebus, usinunue wala usimsambaze.

Kutunza jalada

Wapiga mbizi wanapata wiki chache tu kila mwaka, Agosti na Septemba, na mawimbi na barafu vikizidi wanapata siku chache kuliko hizo. Taarifa hutoka baadaye, kwa hiyo jiwekee desturi ya kulifungua jalada mwezi Februari. Ingiza kadi mpya nyuma, zipe namba zinazoendelea, usizichomeke katikati. Dhana ikianguka, ikate kwa mstari mmoja na utie tarehe na herufi za jina lako. Kadi za Wainuit zibaki mbele, na kila kitu kipya kinachotolewa majini kilinganishe nazo kwanza kabla ya kukilinganisha na karatasi ya Victory Point.